Jina la Kitu: Istilahi za Makumbusho Tangu Daftari la Wino Hadi Kompyuta

Neno makumbusho halina utata katika umbo lake. Limetokana na kitenzi kumbuka, likapitia kumbusha, kisha likavikwa kiambishi ma- na kiishio -o kama yalivyo mafundisho na maonyesho. Kwa mujibu wa lugha yetu, basi, makumbusho si ghala la vitu vya kale, bali ni yale yanayomfanya mtu akumbuke. Hata hivyo maneno husafiri. Abiria wa daladala jijini Dar es Salaam amwambiapo kondakta kwamba anashuka Makumbusho, aghalabu hafikirii kwamba kituo hicho kimepata jina lake kutokana na Kijiji cha Makumbusho kilicho jirani, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960. Kwake yeye neno hilo ni kituo cha basi. Binadamu hutambua tofauti hiyo bila tabu. Kompyuta haiitambui mpaka iambiwe.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi nyumba za makumbusho zilivyotumia mitambo kuwavuta watazamaji na kuwaelimisha, tangu redio ya mwaka 1952 hadi katalogi za mtandaoni za siku hizi. Mengi yamekwisha kuandikwa na mafundi juu ya mitambo yenyewe. Yasiyoandikwa sana ni haya, kwamba kila mtambo uliobuniwa ulitegemea jina la kitu, na kwamba kitu kisicho na jina katika lugha ya mtazamaji hakimfikii mtazamaji huyo hata kama picha yake imetandazwa mbele ya dunia nzima. Kwa sababu hiyo shughuli hii inawahusu wanaistilahi na wafasiri sawasawa na inavyowahusu wahandisi.

Tuanze na redio. Mwaka 1952 Stedelijk Museum, makumbusho ya sanaa ya jiji la Amsterdam, yaliwapa wageni wake vipokezi vidogo vya redio vya kubeba, vyenye kifaa cha kusikilizia sikioni. Hotuba iliyorekodiwa katika kanda ilirushwa ndani ya jengo lenyewe, kwa lugha zaidi ya moja, na mgeni aliisikia hotuba hiyo kwa kadiri alivyokuwa karibu na waya wa mitambo. Dosari yake ilikuwa dhahiri: kanda ilikuwa moja, basi wasikilizaji wote wa lugha moja walilazimika kusogea pamoja, wakageuza shingo pamoja kutazama picha ileile kwa dakika ileile. Miaka michache baadaye huko Marekani kanda zikaanza kubebwa na mgeni mwenyewe, na miongoni mwa sauti za mwanzo kusikika kwa njia hiyo ilikuwa ya Eleanor Roosevelt, akiwaongoza watu ndani ya nyumba ya marehemu mumewe iliyoko Hyde Park, New York. Mgeni sasa aliweza kusimama atakapo. Lakini ikumbukwe kwamba katika mambo hayo yote msimulizi alikuwa ni mwenye makumbusho, na mgeni alikuwa msikilizaji tu. Hakuna aliyemwuliza mgeni kitu hiki chaitwaje kwao.

Kompyuta iliingia kwa mlango mwingine kabisa. Haikuletwa kwa ajili ya wageni, bali kwa ajili ya daftari. Kila makumbusho huwa na daftari la kuandikishia vitu: kitu kilipokelewa lini, kutoka kwa nani, ni cha aina gani, kimewekwa wapi. Madaftari hayo yaliandikwa kwa wino na makarani wa vizazi mbalimbali, kila mmoja kwa desturi yake. Mwaka 1967 makumbusho kadhaa ya New York na jirani zake yaliungana na kuunda chama cha kutafuta namna ya kuziingiza kumbukumbu hizo katika kompyuta. Kwa sadfa njema, ndio mwaka ambao Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Hapana uhusiano wowote baina ya mambo hayo mawili, ila kwamba pande zote mbili zilikuwa zikielekea kukutana na tatizo lilelile, yaani dhana moja yenye majina kumi, na jina moja lenye dhana kumi.

Tatizo hilo liliwafika watu wa makumbusho mara tu walipoanza kazi. Karani mmoja aliandika «kiti», mwingine «kigoda», wa tatu «kiti cha miguu mitatu», na wote watatu walikusudia kitu cha namna moja. Msomaji wa daftari hupepesa macho akaelewa. Mashine hutafuta herufi tu. Hatimaye, mwaka 1978, Robert Chenhall alichapisha huko Marekani kitabu cha majina ya kuandikishia vitu vya makumbusho, ambamo kila kitu kiliwekwa katika tabaka lake kwa kufuata kazi iliyokusudiwa kufanywa na kitu hicho tangu mwanzo, wala si kwa umbo lake au mali ghafi yake. Kitabu hicho kingali kinaboreshwa na kutumika. Miaka hiyohiyo ya 1970 Baraza letu lilikuwa likitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu kwa ajili ya maofisi na shule. Msomaji akiziweka kazi hizo mbili sambamba ataona kwamba zina tabia moja: kuchagua neno moja, kulipa cheo, na kuyaambia mengine yasubiri nje.

Juu ya neno dijitali lenyewe sina mengi ya kusema. Wakati wa kompyuta palikuwa na mvutano wa haki baina ya kompyuta na tarakilishi, na wasomaji wetu wa Kenya wanajua jinsi hilo la pili lilivyopata makao katika vitabu vya shule kwao, ilhali Tanzania ililiacha likapita. Dijitali haikujadiliwa na mtu. Ililetwa na televisheni, pale mitambo ya zamani ilipoanza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012 na kila nyumba ikahitaji king'amuzi. Kabla kamati yoyote haijaketi, watu walikwisha kuanza kuchekana mitaani kwamba fulani bado ni analojia. Neno lililokwisha kupata utani halihitaji tena kupitishwa na kikao.

Katika miaka ya 1990 mtandao uliyatoa madaftari yale nje ya ofisi. Hapo ndipo historia ya daftari na historia ya mgeni zilipoungana, kwa maana orodha iliyokuwa ya karani sasa ilisomwa na kila mtu. Mfano unaotugusa sisi ni ule wa mwaka 2010, ambapo British Museum na redio ya BBC walieleza historia ya dunia kwa vitu mia moja, kila kitu kikipewa kipindi chake cha dakika 15, huku tovuti ikiwakaribisha watu na makumbusho mengine waongeze vitu vyao. Kitu cha pili katika mfululizo huo kilikuwa jiwe la kukatia kutoka Olduvai, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.8. Cha 60 kilikuwa vipande vya vyungu na sahani kutoka Kilwa: vya kaure ya Uchina, vya nchi za Kiislamu na vya wafinyanzi wa pwani yetu wenyewe, vyote vimelala pamoja ufukweni mwa Kilwa Kisiwani.

Sasa natazame msomaji jinsi mifano hiyo miwili inavyotutega. Olduvai ni jina lililosikika vibaya. Kimasai ni oldupai, mkonge wa mwituni, nasi nchini tumekwisha kuanza kulirudisha jina hilo mahali pake. Lakini katika katalogi za ng'ambo mwanafunzi akiandika Oldupai huenda asipate kitu. Na vile vipande vya Kilwa, Kiswahili huviita vigae. Kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika, na wazee wetu walikitumia kupalia makaa na kufukizia ubani. Mwanafunzi wa leo akiliandika neno hilo katika simu yake ataonyeshwa vigae vya sakafu na vya paa, pamoja na bei zake.

Mambo ya namna hii ni mengi kuliko inavyodhaniwa. Mbuzi ya kukunia nazi, ambayo haikosekani katika mikusanyo ya vyombo vya pwani, ikifasiriwa na mashine itakuwa mnyama mwenye pembe. Siwa ni baragumu kuu la enzi, na mbili zilizo mashuhuri kuliko zote, ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Lakini siwa vilevile ni kisiwa kikubwa. Msala ni mkeka wa kuswalia, na msala ni chooni. Mwanaistilahi huviita visawe-umbo hivi kuwa ni kero ya kawaida ya kamusi, ambayo huondolewa kwa kuweka namba ndogo juu ya kidahizo. Katika katalogi ya kompyuta kero hiyo ni mlango uliofungwa.

Kwa upande wa pili kuna umaskini wa lugha ya karani. Kiingereza kina neno moja, dhow, kwa takriban kila chombo cha tanga kilichopita katika bahari yetu, na neno hilo ndilo lililobandikwa juu ya mifano ya vyombo iliyokusanywa na maofisa na wasafiri. Mswahili hakuwa na chombo kiitwacho hivyo. Alikuwa na jahazi, mashua, dau, betili, bagala na sambuki. Alikuwa na ngalawa yenye matengo yake. Na alikuwa na mtepe, ulioshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, ukaenda kwa tanga la mkeka. Kati ya mtepe na jahazi pana tofauti ya ufundi, ya miti, ya miji na ya karne. Mtu akiviandikisha vyote kwa neno moja amevihifadhi vyombo akaizamisha elimu yake.

Makosa haya hayakuwapata wageni peke yao. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kufasiri kwa Kiswahili maelezo ya vitu vya makumbusho madogo ya pwani, yapate kuwekwa katika vishikwambi ambavyo wanafunzi wangezunguka navyo. Nililetewa orodha iliyopigwa chapa, yenye safu mbili, ya kushoto Kiingereza, ya kulia tupu. Vitu 11 katika orodha hiyo vilikuwa na neno moja la Kiingereza, nami nikaandika mkeka mara 11, nikaendelea mbele. Orodha ikaingizwa katika kompyuta. Siku ya majaribio nilikuwa nimesimama ukumbini nikiwatazama vijana wakibonyeza na kufurahi, ndipo mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akifanya usafi pale akanijia, akaniuliza kwa adabu, «Mwalimu, haya maneno umeandika wewe?» Nikamjibu kuwa ni mimi. Akasema, «Basi niwie radhi. Ule pale si mkeka, ule ni msala, hutauona mtu akaulalia. Na lile kubwa ni jamvi. Na kile cha mviringo ni kitanga. Na huu uliowaandikia watoto kuwa ni mkeka ulioshonwa kando, huo ni fumba, mtu huingia ndani akalala.»

Sikuwa na la kujibu. Maneno yote manne yamo katika kamusi, na mimi nilikuwa nayo kamusi. Kilichoniponza ni ile safu ya kushoto. Nilikuwa nikifasiri neno badala ya kukitazama kitu. Na lau kosa hilo lingekuwa limeandikwa katika kijikaratasi kimoja kilichobandikwa ukutani, lingefutwa siku ileile. Lakini lilikuwa limekwisha kunakiliwa katika kila kishikwambi, na orodha yenyewe ilikuwa imepelekwa pengine kwa ajili ya kutumiwa katika tovuti.

Nimelieleza jambo hili kwa sababu linaonyesha lile ambalo makumbusho makubwa yenyewe yalichelewa kuligundua. Katikati ya miaka ya 2000 makumbusho kadhaa ya sanaa ya Marekani yalifanya jaribio la kuwaruhusu watu wa kawaida wazipe picha zao maneno ya utambulisho kwa njia ya mtandao. Ilionekana kwamba sehemu kubwa sana ya maneno yaliyotolewa na umma hayakuwamo kabisa katika kumbukumbu za wataalamu. Wataalamu waliandika jina la msanii, mwaka na mtindo wake. Watu waliandika waliyoyaona, kama vile farasi, mvua au mama. Rijksmuseum ya Amsterdam ilipofungua mwaka 2012 huduma iliyowaruhusu watu kuchukua bure picha zipatazo 125,000 za vitu vyake na kuzitumia wapendavyo, ilisifiwa kwa ukarimu wake, na ni haki. Lakini ukarimu huo humfaa anayejua aandike nini katika kisanduku cha kutafutia.

Kazi iliyonipendeza kuliko zote katika uwanja huu haikutoka kwa Wazungu peke yao. Mwezi Novemba 2022 ilifunguliwa tovuti ya Digital Benin, iliyokusanya mahali pamoja kumbukumbu za vitu 5,246 kutoka taasisi 131 katika nchi 20, vitu vya ufalme wa Benin ulio katika Nigeria ya leo, ambavyo sehemu yake kubwa ilitawanyika baada ya majeshi ya Uingereza kuuvamia na kuupora mji huo mwaka 1897. Waandalizi wake wangeweza kukusanya picha na kuishia hapo. Wao wakaingia katika kazi nzito zaidi ya kuviandikia vitu hivyo majina ya Kiedo, yaani lugha ya wenyewe waliovifanya, hata mtu wa Benin akaweza kuingia katika mkusanyo huo kwa lugha ya mama yake. Majina ya karani Mwingereza au Mjerumani hayakufutwa. Yamebaki kama sehemu ya historia ya kitu, kando ya jina lake.

Kwetu Afrika Mashariki, mradi ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wasanii wa Nairobi na makumbusho mawili ya Ujerumani umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi za nchi za nje, na maonyesho yake yalifanyika Nairobi mwaka 2021. Miongoni mwa vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo imo ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne iliyopita na iliyo katika British Museum. Wapokomo wanaitaka ngoma yao, si picha yake. Hilo ni dai la haki, wala orodha ya kompyuta haiwezi kulijibu. Lakini bila orodha mtu hajui hata adai nini, na orodha inayoandika «ngoma ya mbao» tu haimsaidii mdai.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba dawa ni rahisi: Baraza liketi, liteue jina moja sanifu kwa kila chombo, orodha ichapishwe, makumbusho yote yaifuate. Mimi siafiki. Njia hiyo ilifaa kwa fomu za serikali, ambamo maana lazima iwe moja kutoka Mtwara hadi Bukoba. Kwa vitu vya makumbusho ingekuwa ni kurudia kosa la karani wa dhow kwa Kiswahili. Mtu wa Lamu na mtu wa Makunduchi wakiwa na majina mawili kwa kikapu kimoja, tofauti hiyo nayo ni kumbukumbu. Afadhali tufuate mwenendo wa ile kamusi ya dhana za sanaa na usanifu majengo inayotunzwa na taasisi ya Getty ya Marekani, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1990. Humo dhana hupewa namba, na chini ya namba hiyo huwekwa majina yote, ya lugha zote na ya lahaja zote, moja likiwekewa alama kuwa ndilo la kutangulia. Mtafutaji akiandika lolote kati ya hayo hufika palepale. Kusanifisha kwa namna hii hakumfukuzi mtu.

Kazi hiyo yahitaji wafasiri watakaotoka ofisini wakakitazama kitu, na yahitaji kufanywa mapema. Mchana wa tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib mjini Unguja, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na kutumika kama makumbusho, iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Ukuta waweza kujengwa upya kwa michoro na vipimo. Jina la sehemu ya mtepe ambayo fundi wake wa mwisho amekwisha kuzikwa halina mchoro.

Nami nilirudi kwenye ile orodha yangu. Niliketi na yule mama mchana mzima juu ya kiti cha mlinzi na ndoo iliyofudikizwa, yeye juu ya kiti, nikaandika alivyosema, na katika safu niliyoiongeza nikaandika na mahali alipozaliwa, maana alinionya kwamba upande wa pili wa kisiwa hawasemi hivyo. Kati ya ile mikeka 11 tulipata misala miwili, majamvi matatu, kitanga kimoja, fumba moja na mikeka miwili ya kweli. Viwili vilivyosalia aliviinua, akavigeuzageuza, akavinusa, akasema ni vya bara na huko yeye hajafika. Katika kompyuta vingali vimeandikwa mkeka, na mbele yake nimeweka alama ya kuuliza.